Mjadala: Mshauri nasaha asiye na leseni azuiwe?

Mjane wa Nakuru: Naanza mimi kwa kuwa limenifika. Mwaka jana, baada ya mume wangu kufariki, usingizi ulinikimbia. Rafiki akanipeleka kwa mshauri nasaha mmoja, chumba cha juu ya duka la dawa. Ukutani vyeti vinne ndani ya fremu. Mezani daftari la shule limeachwa wazi, nami kabla sijatulia kitini nimeshasoma jina la aliyenitangulia na chini yake maneno mawili: "bwana mlevi." Hapo ningeinuka niende zangu. Sikuinuka. Wiki tatu baadaye mama wa chama chetu ananiuliza kama bado nazozana na shemeji juu ya shamba. Hayo nilimwambia mtu mmoja tu.

Nilalamike wapi? Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ipo tangu 2014, ikaunda bodi, na inataka kila afanyaye kazi hii asajiliwe na awe na leseni. Nikatafuta jina lake kwenye orodha ya waliosajiliwa, halimo. Vyeti vyote ni vya semina, kimoja cha siku mbili. Aliyesajiliwa akikosa anaweza kupokonywa leseni. Huyu atapokonywa nini, fremu? Mimi nasema afunge mlango. Ninyi?

Mama Kondele: Pole sana, mama. Lakini usitufungie sote. Mimi nilianza kwenye VCT, kituo cha ushauri na kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari, hapa Kisumu, miaka ile ambayo kila Jumamosi ilikuwa mazishi. Nilifunzwa wiki chache tu, na digrii sina hadi leo. Tukingoja wenye shahada ya uzamili wafike vijijini Seme na Nyakach, tutangoja sana.

Tazameni Harare, Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafunza akina nyanya wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa zahanati 24, uliochapishwa 2016, ulionyesha waliokaa na nyanya walipata nafuu kuwazidi waliopewa huduma ya kawaida. Washona wa huko husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kwetu mtu husema tu "nina mawazo", na nyanya ameshaelewa.

Mwanafunzi wa saikolojia, Kakamega: Miaka minne ya karo, kisha nishindane na pasta mwenye bango la "saikolojia ya ndoa"? Wafunge. (Ndiyo, navutia kwangu.)

Mjane wa Nakuru: Mama Kondele, nimekusoma mara mbili. Hao nyanya wa Harare wanasema upande wangu. Hawakuokotwa njiani na kupewa benchi: walifunzwa, wana maswali 14 wanayomuuliza kila anayekuja, na mtu akionyesha dalili za kutaka kujiua wanampeleka kwa mkubwa wao. Na wewe pale VCT ulikuwa chini ya nani?

Mama Kondele: Chini ya msimamizi, na alikuwa mkali. Kila mwezi tulikaa naye tukipitia kesi. Wateja wetu walikuwa namba, si majina. Siku moja niliteleza nikataja mtaa anaokaa mteja, mtaa tu, jina hapana. Akafunga daftari lake, akasema kikao kimekwisha, nirudi nikishajua kazi yangu ni nini. Nililia kwenye matatu hadi Kibuye.

Mjane wa Nakuru: Laiti yule wangu angekuwa na mtu wa kumfungia daftari. Basi nalegeza: asiye na digrii aruhusiwe, ila chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na jina la msimamizi na simu yake vibandikwe mlangoni, mteja avione kabla hajafungua mdomo.

Mama Kondele: Hapo tuko pamoja. Ila msimamizi naye alipwe. Wangu alikuwa analipwa na mradi, mradi ulipokwisha akaenda zake, sisi tukaendelea.

Mwanafunzi wa saikolojia, Kakamega: Na pasta?

Mjane wa Nakuru: Bango lake lina nafasi. Namba ya simu inaenea pale.