Gumzo la familia: Bibi aliigeuza ramani ya Rubondo

*Kikundi: Watoto wa Rubondo. Jumamosi jioni.*

Salome: Shikamooni wazee wangu. Nimetuma picha mbili. Ya kwanza ni ramani ya kisiwa chetu cha Rubondo, mle Ziwa Victoria, niliyoipeleka kwa Bibi Muganza, ng'ambo ya bara, leo asubuhi. Ya pili ni ramani hiyohiyo baada ya kukaa na Bibi saa mbili. Tazameni alivyoigeuza: kaskazini iko mkono wake wa kushoto. Nilipotaka kuirudisha sawa akanizuia. "Mimi nakitazama kisiwa kutoka ufukweni hapa, jua likitokea nyuma yake. Hiyo kaskazini yako inamsaidia nani?"

Salome: Nilikuwa namuuliza majina ya sehemu za kisiwani tangu mwezi wa pili, ananitajia matatu, manne, basi. Leo ramani ilipokaa anavyoona yeye, amenitajia 19 bila kupumzika.

Shangazi Leokadia: Ni kweli, mimi nilikuwepo. Chai ilipoa hajaigusa. Mama hajaongea hivyo tangu msiba wa Baba.

Editha: Jamani 😭 Salome weka majina humu tuyasome!

Salome: Dada Editha, majina nimeyaandika daftarini, na sauti yake nimeirekodi. Humu siyaweki. Bibi amesema sehemu mbili zilikuwa za tambiko na moja ni makaburi, na ujumbe wa simu hauna mlango. Ukija Muganza utayasoma yote.

Baba Mkubwa Gerevazi: Amefanya vema. Mwanangu Salome, baba yako mkubwa nakushukuru sana.

Baba Mkubwa Gerevazi: Kwa vijana ambao mnasikia tu "sisi ni watu wa kisiwani": Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kabla ya hapo kulikuwa na kaya za wavuvi na wakulima wa migomba. Miaka hiyo ya sitini watu walihamishiwa visiwa vya jirani na vijiji vya bara. Mimi nilitoka nikiwa mgongoni kwa Mama, kwa hiyo sikumbuki chochote. Nasema kisiwani ni kwetu, lakini nyumbani kwenyewe sijui palikaaje. Kila nilichonacho nimekipata kwake, na yeye sasa amepita miaka 80.

Deusi: Shikamoo Baba Mkubwa. Mimi naomba tuwe waangalifu na tunachoandika. Mimi ndiye niko majini kila siku hapa Nkome. Mtu akisikia "watu wa Rubondo wana ramani" atadhani tunataka kurudi au tunatafuta njia ya kuingiza nyavu. Hifadhi ni kilomita za mraba 456 na karibu nusu yake ni maji. Mle sisi wavuvi haturuhusiwi kuvua. Sato na sangara wanazaliana mle, wanatoka nje, ndipo sisi huku tunapata. Mpaka ule unanilisha, siwezi kuusema vibaya.

Editha: Kaka Deusi, nani amesema turudi? Mimi nataka kitu kimoja. Mama yake Bibi amelala kule. Nataka Bibi afike, asimame, aombe, arudi. Siku moja tu.

Deusi: Na mimi nataka hivyohivyo dada. Ila tupite mlangoni.

Mjomba Tadeo: Mimi kuna jambo linanikaa rohoni siku zote, acha niliseme. Kati ya 1966 na 1969, wakati watu wetu ndio wanajenga upya huku bara, Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society waliachia sokwe 17 kisiwani. Sokwe wale walikuwa wametolewa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, baada ya kukamatwa wadogo huko Afrika Magharibi. Wakaletwa pia twiga, wakaletwa tembo. Nawafurahia, watoto wao wanaishi huru msituni. Lakini ukisoma habari za Rubondo utamkuta sokwe na safari yake yote. Wavuvi wanapewa mstari mmoja: "walihamishwa". Walivuaje? Waliita nini kila ghuba? Walizikana wapi? Hakuna.

Shangazi Leokadia: Ndiyo maana tunaandika, Tadeo.

Pius: Shikamooni. Huku Minnesota ni asubuhi, ndio nimeamka. Ngoja niwasimulie, maana nimeona jambo linalofanana na letu kabisa. Kiangazi kilichopita nilipanda boti kutoka Grand Portage kwenda Isle Royale, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Superior, upande wa Michigan. Pori tupu. Hakuna barabara, kuna mbwa mwitu na moose, mnyama wa jamii ya kulungu lakini mkubwa kupita farasi. Majira ya baridi hifadhi inafungwa kabisa.

Pius: Nilidhani hakujawahi kukaa mtu. Kumbe Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, wanakiita Minong, na watu wa asili walichimba shaba pale maelfu ya miaka iliyopita. Halafu wakaja wavuvi, wengi kutoka Norway na Sweden, wakavua kule kwa vizazi. Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi mwaka 1931, ikaanzishwa rasmi 1940. Baadhi ya familia ziliruhusiwa kutumia nyumba zao hadi mwenye mkataba atakapofariki.

Pius: Sasa hao wazee wakawa wanafariki mmoja mmoja. Nyumba ya mvuvi ya mbao, isipokarabatiwa paa, miaka michache tu msitu umeimeza. Na kwa macho ya mtu anayetaka pori safi, hiyo ni sawa. Wajukuu ndio waliokataa. Wanatunza picha, wanasimulia, wanakwenda na nyundo kukarabati. Kuna kambi moja ya wavuvi, Edisen Fishery, imehifadhiwa na hifadhi yenyewe ili mgeni aone nyavu zilivyoshughulikiwa. Nilisimama kwenye gati lake nikamkumbuka Bibi mpaka koo likanikaba.

Mjomba Tadeo: Lakini Pius, wao wana nyumba. Sisi tulijenga kwa miti na nyasi. Miaka karibu 60 imepita. Utakarabati nini?

Pius: Swali zuri Mjomba. Sina jibu.

Salome: Mimi nadhani jibu liko kwa Bibi. Kesheni kidogo niwaambie kuhusu samaki.

Salome: Nilimuuliza, "Mlikuwa mnakula samaki gani?" nikitegemea aseme sato na sangara. Sangara hakumtaja hata mara moja! Ametaja ngege, ningu, domodomo, nembe, hongwe, gogogo, kamongo, na furu "wa kila rangi". Nikakumbuka kwamba sangara alipandikizwa ziwani miaka ya hamsini na akaja kutawala miongo kadhaa baadaye. Furu wengi wakapotea, ngege na ningu wakawa adimu. Kwa hiyo Bibi ana ziwa kichwani ambalo sisi hatujawahi kuliona.

Deusi: Ningu! Miaka 20 nimevua, ningu nimewashika wa kuhesabu kwa vidole.

Salome: Anasema ningu walipanda mtoni mvua zikianza, na wanawake walijua siku kwa harufu ya maji. Akanieleza mgono, ule mtego wa samaki, unavyosukwa: mdomo mpana, koo jembamba, vijiti vya ndani vinaelekea nyuma ili samaki akiingia asitoke. Akaomba vijiti anionyeshe. Mikono inatetemeka lakini vidole vinajua.

Deusi: Salome, sikiliza. Wiki ijayo nakuja na matete na kamba. Nataka anifundishe mimi. Sijui hata mmoja hapa mwaloni anayesuka mgono kwa mkono.

Shangazi Leokadia: Njoo mwanangu. Njoo na mkeo pia, mgono wa Mama ulisukwa na wanawake.

Baba Mkubwa Gerevazi: Tadeo, umepata jibu lako. Cha kukarabati ni hicho.

Mjomba Tadeo: Nimekubali kaka. Nimekubali kabisa.

Editha: Na makaburi je? Msinisahau.

Baba Mkubwa Gerevazi: Sijakusahau. Nimesoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kinga yake ya moja kwa moja ni kwa vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Makaburi ya wazee wetu ni ya juzi, hayafiki huko. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sheria ile itatubeba. Tutaandika barua ya adabu kwa hifadhi: majina ya familia, mahali palipo makaburi kwa kadiri Bibi anavyokumbuka, watu wachache, siku moja, pamoja na askari wao. Hatuombi ardhi wala kuvua. Tutawapa nakala ya majina ya ghuba na miamba ambayo Bibi ameridhia yatoke, wayatumie kwa wageni wakipenda. Mkono mtupu haulambwi.

Deusi: Hapo niko na nyinyi asilimia mia. Boti na mafuta mpaka lango la kuingilia, juu yangu.

Pius: Rasimu ikiwa tayari nitumieni nisaidie kuipanga. Na mashine ya kurekodia nzuri natuma na mtu anayekuja mwezi ujao.

Editha: Mimi ni nguo za joto za Bibi na kumpima presha kabla ya safari. Na jaketi la kuokolea lililo saizi yake, la kwangu litamvuka.

Shangazi Leokadia: Amesikia mnavyoongea, Salome anamsomea. Ameomba simu.

Salome: 🎤 *Sauti, dakika 1 na sekunde 40*

Salome: Kwa ambao Kizinza kimewaponyoka, amesema hivi: "Watoto wangu, nawasalimu. Nimewasikia wote. Barua iandikeni. Wakikataa, msigombane na mtu, yule msitu umewatunza waliolala mle kuliko ambavyo ningeweza mimi. Wakikubali, msinipitishe upande wa majengo yao. Nipitisheni upande wa Mlaga, polepole, boti izimwe injini. Nataka niyataje yale majina nikiwa majini, moja baada ya jingine, kama tulivyokuwa tunapita na mama yangu. Salome ashike daftari. Nikikosea, anikumbushe."