Toni za 250 na 500 Hz zinanitoa jasho, naomba ushauri

Mwanafunzi_Tanga
Wakuu, salaam. Najifunza misingi ya kupima usikivu. Karibu kila ninayempima, hata anayesikia vizuri, 250 na 500 Hz anaanza kusikia kwenye desibeli 30 au 35, ila kuanzia 1000 kwenda juu ni 10. Chumba kina feni na dirisha limetazama barabara ya bodaboda. Halafu, sikio nisilopima nalifunika kwa kelele (ili lisisikie toni) wakati gani?

Makorora77
Ikiwa ni kila mtu, usitafute ugonjwa. Muungurumo wa feni na pikipiki ni wa masafa ya chini, unazimeza toni hizo mbili kwanza. Zima feni, funga dirisha, mpime yule yule tena. Zikishuka, chanzo ni chumba.

Zisiposhuka, kagua hedifoni. Mto wake, ile sponji inayogusa sikio, usipokaa vizuri, sauti nzito zinavuja. Huku kwetu angalia sana ushungi: kitambaa kimepita kati ya mto na sikio, au pini imeinua upande mmoja. Mlango ufungwe, apimwe na mwanamke mwenzake, hedifoni ipite chini kisha ajifunike juu yake. Hereni kubwa na miwani vitoke. Upande mwekundu wa hedifoni ukae sikio la kulia, spika ielekee tundu la sikio.

Mwanafunzi_Tanga
Ahsante mkuu. Toni zenyewe huwa naanza sifuri, napanda 5 5.

BintiRaskazone
Hapo unamchosha bure. Kwanza chungulia kwa otoskopu, kile kifaa cha kutazamia ndani ya sikio. Nta ikiwa imeziba tundu lote, itolewe kabla ya kupima. Anza na sikio analosema ni zuri, 1000 Hz, desibeli 40. Akisikia shuka 10, asiposikia panda 5. Kizingiti ni kiwango cha chini kabisa alichojibu angalau mara 2 kati ya 3 wakati unapanda. Kisha 2000, 4000, 8000, rudia 1000, ndipo 500 na 250. Marudio ya 1000 yakipishana na ya mwanzo kwa zaidi ya 5, mwelekeze upya. Toni idumu sekunde 1 hadi 3, na ukimya wa katikati ubadilike-badilike. Akishaushika mdundo anabonyeza kitufe cha kujibu bila kusikia. Mkono wako asiuone.

Makorora77
Kuhusu kufunika: sauti ya hedifoni ikiwa kubwa inavuka fuvu. Sikio moja likiwa limekufa kabisa na jingine zima, ukifika 50 au 60 upande uliokufa atabonyeza, kumbe anasikia kwa sikio zima. Ukaandika ana upungufu wa wastani! Kwa hiyo tofauti ikifika desibeli 40 kati ya kipimo cha hedifoni (cha hewa) cha sikio unalopima na kipimo cha mfupa (kitetemeshi nyuma ya sikio) cha sikio la pili, weka kelele kwenye lile la pili. Kipimo cha mfupa chenyewe hakina kizuizi hicho cha 40, mtetemo unafika pande zote mbili karibu sawa. Pengo kati ya kipimo cha hewa na cha mfupa cha sikio unalopima likizidi 10, funika.

BintiRaskazone
Na 250 hiyo usiiandike kwenye chati mpaka feni izimwe.