Oksimita na mashine ya CPAP ya nyumbani: je, ni lazima waya uingie kwenye mashine?

Binti wa Mzee (Eldoret)

Wanajamvi, salaam. Baba yangu ana umri wa miaka 68 na ana tatizo la kukatika pumzi usingizini. Tangu mwaka jana analala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya pumzi isizibe, aina ya ResMed AirSense 10 AutoSet, ambayo kaka yangu aliinunua Uingereza akaja nayo. Kila asubuhi kioo cha mashine huonyesha kwamba pumzi imekatika mara 2 au 3 kwa saa, na daktari alitueleza kuwa chochote kilicho chini ya 5 ni kizuri. Hata hivyo, tangu baba ahamie kwangu akitokea Mombasa, huamka akiwa na kichwa kizito kinachomuuma hadi saa tatu asubuhi, nami nimeingiwa na wasiwasi kuhusu oksijeni yake usiku.

Nimenunua oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, aina ya Contec CMS50D+ yenye kumbukumbu ya ndani, nikiamini kwamba ningeichomeka kwenye mashine ili namba zote ziingie mahali pamoja. Kebo yake haiingii popote. Muuzaji amenishauri nimpelekee fundi aikate kebo hiyo na kuiunga na plagi nyingine. Je, ushauri huo ni salama? Na kama si salama, nifanye nini ili niweze kuona oksijeni na pumzi kwa wakati mmoja?

Fundi Vifaa Tiba (Mombasa)

Dada, nakusihi usikate kebo hiyo. Tatizo lako halitokani na umbo la plagi. AirSense 10 hupokea oksimita kupitia adapta yake maalumu, na adapta hiyo hutarajia Xpod ya kampuni ya Nonin, yaani kijisanduku kilichopo kwenye waya wa kidole, ambacho ndani yake mna saketi inayogeuza mwanga uliopita kwenye kidole kuwa namba. Namba hizo hutumwa kwa mpangilio wa Nonin. Contec ina mpangilio wake, kwa hiyo hata fundi hodari akiunga nyaya kwa usahihi, mashine haitaelewa inachoambiwa, na kosa dogo la umeme linaweza kuharibu kifaa ambacho mzee anakitegemea kila usiku.

Jambo la pili, ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua, ni kwamba hata oksimita inayokubaliana na mashine haibadilishi tiba. Mashine hupandisha na kushusha shinikizo la hewa kwa kufuata mtiririko wa hewa peke yake. Namba za oksijeni huhifadhiwa tu kwenye kadi ya kumbukumbu (SD) ya mashine. Kwa hiyo hutapoteza chochote cha tiba ukirekodi kwa vifaa viwili na kuziunganisha taarifa baadaye kwenye kompyuta. Programu ya OSCAR, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, husoma kadi ya ResMed na pia husoma CMS50D+ yako.

Kwanza hakikisha kwamba kadi ya SD imo ndani ya mashine usiku kucha, kwa sababu bila kadi mashine hii hubaki na muhtasari tu, na grafu za kina za usiku huo hutazipata tena. Asubuhi, kabla ya kuichomeka kadi kwenye kompyuta, sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni mwake ili ifungwe isiandikwe, kwani kompyuta hupenda kuacha mafaili yake humo bila kukuuliza. Usisahau kuifungua unapoirudisha.

Kazi kubwa iko kwenye saa. Kwa kuwa mashine ilitoka Uingereza, huenda saa yake bado ni ya huko, yaani imebaki nyuma yetu kwa saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wao wa kiangazi. Isitoshe, CMS50D+ haihifadhi saa halisi ya kurekodi. OSCAR itakuuliza ilianza lini, nawe utachagua kwamba ilianza pamoja na mashine. Kwa sababu hiyo anzisha vyote viwili kwa wakati mmoja, mkono mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye oksimita. Ukikosea hata kwa dakika mbili, unaweza kuiona oksijeni ikishuka kabla pumzi haijakatika na utadhani kuna ugonjwa mpya. Kwa kawaida damu huchukua takriban sekunde 20 hadi 30 kutoka mapafuni hadi kwenye kidole, basi mshuko wa kweli huonekana baada ya pumzi kukatika, si kabla.

Usishangae pia ukiona usiku mmoja umewekwa chini ya tarehe ya jana yake. Siku ya mashine huanza saa sita mchana na kuishia saa sita mchana inayofuata, ili usingizi wa usiku mmoja usikatwe vipande viwili.

Muuguzi Mstaafu (Nakuru)

Binti yangu, fundi amekueleza vyema habari ya nyaya, nami nataka kukusaidia kuzisoma namba zenyewe, kwa sababu nimewaona watu wengi wakiogopa mahali pasipo na hofu na kutulia mahali pa hatari.

Kabla ya usiku wa kwanza, mpime baba akiwa macho, ameketi na ametulia, kwa dakika kumi. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea Mombasa hatapata huko namba alizokuwa akipata pwani. Mashine yenyewe hujirekebisha kwa mwinuko hadi karibu mita 2,590, kwa hiyo shinikizo lisikusumbue. Ni kipimo cha kuanzia kinachobadilika.

Mshuko wa kweli wa kukatika pumzi hushuka taratibu na kupanda upesi, na ukijirudia huchora meno ya msumeno. Namba ya oksijeni inayoporomoka kutoka asilimia 94 hadi 70 kwa sekunde mbili kisha ikarudi, mara nyingi ni kidole kilichosogea. Tazama pia mstari wa kuvuja kwa hewa kwenye barakoa: ukivuka lita 24 kwa dakika, usiziamini sana hesabu za mashine katika kipindi hicho.

Lipo jambo lingine ambalo sisi wenye ngozi nyeusi lazima tulijue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha mwaka 2020 kwamba wakati oksimita ilipoonyesha kati ya 92 na 96, oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya ateri yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Kifaa hiki kinaweza kutupa namba nzuri kuliko hali ilivyo. Kwa akina mama wa pwani naongeza kwamba piko nyeusi kwenye ncha za vidole huweza kuzuia mwanga, basi wachague kidole kisichopakwa.

Hata ukiona nini, usimuunganishie oksijeni ya mtungi wala ya mashine bila amri ya daktari.

Binti wa Mzee

Shikamoo mama, na ahsante sana fundi. Kebo iko salama. Nimerekodi usiku tatu. Saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili kama ulivyokisia. Akiwa macho baba ana 94. Usiku meno ya msumeno hayapo isipokuwa kidogo kuelekea alfajiri, ambapo barakoa huvuja. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba saa moja baada ya kulala mstari wote hushuka hadi 87 au 88 na kubaki hapo kwa saa nyingi, huku hesabu ya kukatika pumzi ikiwa 2 tu.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hapo ndipo oksimita imekuonyesha kile ambacho hesabu ya kukatika pumzi haiwezi kukuonyesha. Mtu anaweza kupumua bila kukatika na bado akapumua kwa kina kidogo mno, hewa chafu (kaboni dioksidi) ikajaa kwenye damu, na kichwa kikamuuma asubuhi. Inawezekana pia kwamba mapafu yenyewe yana shida, au ni mwinuko. Mpeleke kwa daktari wiki hii hii, usisubiri miadi ya kawaida. Chapisha grafu za usiku wote tatu, za mtiririko, kuvuja na oksijeni zikiwa ukurasa mmoja, mweleze waziwazi kuhusu maumivu ya kichwa, na umuulize kama kipimo cha gesi za damu kinahitajika. Akianza kusinzia mchana hadi inakuwa vigumu kumwamsha, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali usiku uo huo.

Binti wa Mzee

Tunakwenda kesho asubuhi, mama. Kadi, oksimita na karatasi zimo kwenye mfuko.