Mtoto wa tembo ana waya mguuni, tumpe maziwa au tumwache?

mkulima_kasese: Jamani habari zenu, kijiji chetu kimepakana kabisa na mbuga ya Queen Elizabeth hapa Uganda. Tangu asubuhi kuna mtoto wa tembo kasimama peke yake kando ya mashamba ya pamba, anachechemea, ukiangalia vizuri unaona waya umezama kwenye nyama ya mguu wa mbele, nzi wamejaa. Mama yake simwoni. Wazee wanasema tumpelekee maziwa ya ng'ombe kwenye ndoo, vijana wanataka kumfunga kamba wakate waya kwa koleo. Roho inaniuma kumwangalia tu, tufanyeje?

boda_katwe: Pole dada. Zuia hao vijana kabisa, mama anaweza kuwa hapo hapo kichakani na akitoka atamkanyaga mtu. Mwambie mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, awapigie marenja wa UWA (mamlaka ya wanyamapori) sasa hivi, aseme ni mguu upi na mtoto ana kimo gani, vet, yaani daktari wa wanyama, ajue anapakia dawa kiasi gani.

dokta_mifugo: Maziwa ya ng'ombe hapana!! Mafuta yake tumbo la mtoto wa tembo haliyawezi, ataharisha mpaka aishiwe maji mwilini. Yatima wanalelewa kwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kila baada ya saa tatu hivi mchana na usiku, mlezi analala naye chumba kimoja maana tembo mdogo akikosa mwenzake hata kula anagoma. Hiyo si kazi ya kijiji, yatima wa kwetu wanapelekwa UWEC, kituo cha wanyamapori cha Entebbe, tena pale tu ikishindikana kumrudisha kwa mama. Kama mama yupo, vet atatibu hapo hapo. Anampiga sindano ya usingizi kwa bunduki, dawa ni kali mno, tone tu linaua mtu, ndiyo maana hawataki watu karibu. Akianguka kifudifudi wanamgeuza haraka alale ubavu, uzito wake unabana mapafu, halafu wanaweka kijiti kwenye ncha ya mkonga usizibe na kumfunika jicho kwa sikio lake mwenyewe. Waya unakatwa, kidonda kinaoshwa, anapigwa antibayotiki, kisha sindano ya kumwamsha kwenye mshipa wa sikio, dakika chache tu kasimama.

mzee_wa_mpondwe: Na sisi tulioliwa mahindi na hao hao tembo?

dokta_mifugo: Mzee wangu hilo ni kweli na linauma, sheria ya wanyamapori ya 2019 imeweka fidia, peleka madai yako. Lakini huo waya nadhani hata haukutegwa kwa ajili ya tembo, watu wanatega swala na ngiri wapate nyama, mtoto kapita tu ukamnasa.

mkulima_kasese: Asanteni sana, LC1 kashapiga, marenja wako njiani. Watu tumewarudisha hadi barabarani. Jua ni kali, nimwagie maji?

dokta_mifugo: Usimsogelee dada, kaa mbali uangalie tu anaelekea wapi, wakifika uwaonyeshe.