Naomba ushauri: kipima kina cha zamani hakilingani na bildi

Mwana wa Nungwi: Assalaam alaykum. Nimenunua kipima kina kilichotolewa kwenye boti kuukuu, nami nataka kukifunga kwenye mashua yangu ya kuvulia. Kinawaka vizuri, ila hakikubaliani na bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina. Nikitengeneze au nitafute kipya?

Tezi na Omo: Mwanangu, marehemu baba alitegemea bildi tu, akiipaka shahamu chini ili ipande na mchanga au matope, akajua yuko wapi hata usiku. Vijana mmeacha kujifunza bahari.

Fundi Redio: Bildi ilisema ngapi, na kifaa ngapi? Chombo ni cha nini?

Mwana wa Nungwi: Bildi pima 35, kifaa pima 5. Transdusa, kile kipande chake cha kutoa mlio na kupokea mwangwi, niliifunga kwenye upondo nikaizamisha ubavuni. Mashua ni ya mbao. Nimekusudia kuigandisha hiyo transdusa ndani, kwani sitaki kutoboa chombo nilichokitia kalafati juzi, na gundi nimeshainunua.

Pwani Tupu: Naitilia shaka habari hii. Kifaa kibovu hutoa namba ovyo. Hakikosei pima 30 kamili. Umeitunga.

Mwana wa Nungwi: Wallahi sikutunga. Nilipima mara tatu, na kila mara ile taa nyekundu inayozunguka iliwaka penye 5.

Fundi Redio: Taa inayozunguka! Basi kasema kweli, na kifaa ni kizima. Bila shaka duara lake linaishia 30. Kila taa ipitapo sifuri, transdusa hutoa mlio, nao husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde. Pima 30 ni kama mita 55. Kwenda na kurudi ni sekunde 0.07, ndio muda wa mzunguko mmoja. Penye pima 35 mwangwi hufika taa ikiwa imeanza mzunguko wa pili, ikawaka penye 5. Ukiona 5, basi, tia bildi kwanza ujue ni 5 au 35. Gundi iache: mbao ina hewa ndani ya nyuzi zake, na hewa huuzuia mlio. Piga kibao kwenye shetri, transdusa ikae chini ya mapovu.

Mwana wa Nungwi: Ndiyo, linaishia 30. Lakini kibao kitanasa nyavu. Nikikitia bawaba, nikakinyanyua wakati wa kuvuta?

Fundi Redio: Kitafaa, mradi kikishushwa uso wa transdusa uelekee chini wima.