Interahamwe 1994: raia wenye hasira au jeshi la pembeni la serikali?

Mdadisi
Wakuu, kila ikitajwa Rwanda hakosekani mtu wa kusema ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa tarehe 6 Aprili, wananchi wakapandwa na hasira, wakauana. Wengine wanasema Interahamwe waliandaliwa mapema. Ushahidi unasemaje?

Kumbukumbu
Hoja ya hasira haisimami, mkuu. Interahamwe ilikuwa jumuiya ya vijana wa MRND, chama cha Rais. Vita dhidi ya waasi wa RPF, vilivyoanza Oktoba 1990, ndivyo vilivyoigeuza kuwa kikosi. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Dallaire wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa (UN) nchini Rwanda, alipeleka makao makuu ya UN New York taarifa za mtu wa ndani: vijana 1,700 wamefunzwa kwenye kambi za jeshi, wametawanywa Kigali kwa makundi ya watu 40, na wanaweza kuua Watutsi hadi 1,000 ndani ya dakika 20. Mtoa habari huyo alikuwa ameagizwa kuwaandikisha Watutsi wote wa Kigali. Dallaire alitaka kwenda kukamata silaha zilizofichwa, akakatazwa.

Nyaraka
Ongeza Butare, kusini mwa Rwanda. Mkuu wa mkoa huo, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchini, aliyazuia mauaji kwa sehemu kubwa ya mkoa wake. Akaondolewa, na tarehe 19 Aprili Rais wa muda Sindikubwabo akaenda kuhutubia huko. Baada ya hapo damu ikamwagika kila pembe, na Habyalimana mwenyewe akauawa. Hasira ya kudunguliwa ndege isingengoja karibu wiki mbili hadi kiongozi mmoja atolewe ofisini.

Vilevile Kambanda, Waziri Mkuu wa serikali ya muda, alikiri kosa mwaka 1998 mbele ya Mahakama ya Arusha, ile ya UN kuhusu Rwanda, na akakiri pia kwamba vijana wa Interahamwe walipewa mafunzo ya kijeshi kabla ya Aprili. Alifungwa maisha.

Mdadisi
Kwa hiyo njama ya kabla ya tarehe 6 ilithibitishwa?

Wakili wa Kijiji
Hapo twende polepole, maana ndipo wapotoshaji wanapojichomeka. Katika kesi ya Kanali Bagosora, aliyekuwa ofisa mkubwa wa Wizara ya Ulinzi, hukumu ya Desemba 2008 ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari lakini ikamfutia shtaka la *njama*. Majaji waliona kwamba mafunzo, silaha na orodha vingeweza pia kuelezwa kuwa maandalizi ya vita na RPF, na katika jinai shaka kama hiyo humnufaisha mshtakiwa. Hawakusema hapakuwa na mpango. Walisema haukuthibitishwa dhidi ya washtakiwa wale kwa kiwango kinachotakiwa.

Kesi ya Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, ina uzito wa pekee. Mwaka 1999 alihukumiwa maisha kwa mauaji ya kimbari, ila makosa ya kivita yakakwama kwa kukosa uthibitisho kwamba matendo yake yalifungamana na vita. Rufaa ya 2003 ikaligeuza hilo. Sababu ni kwamba kwenye shule ya ETO, Kigali, wanamgambo wa Interahamwe walishambulia bega kwa bega na askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais, mara tu askari wa UN walipoondoka tarehe 11 Aprili.

Na tangu uamuzi wa rufaa wa Juni 2006 katika kesi ya Karemera, kiongozi wa MRND, kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hakuhitaji tena kuthibitishwa mahakamani hapo. Mshtakiwa alibaki na nafasi ya kubishania ushiriki wake tu.