Wakuu, nimelamba sapu (mtihani wa kurudia) ya Anatomia kwa alama moja. Niache michezo nichukue Baiolojia na Kemia?

Ndoo na Sponji:
Habari za humu wakuu. Nipo mwaka wa pili, chuo kimojawapo hapa Iringa, nasoma ualimu wa Baiolojia na Elimu ya Michezo. Matokeo yametoka juzi. Anatomia na Fiziolojia ya Binadamu: majaribio na vitendo 22 kati ya 40, UE, yaani mtihani wa mwisho, 17 kati ya 60. Jumla 39, na kufaulu ni 40. Nimeikodolea macho ile namba mpaka simu ikazima mwanga yenyewe.

Kinachoniuma ni hiki. Mimi ndiye "daktari" wa timu yetu ya mtaani Kihesa, yaani mbeba ndoo, sponji na bandeji. Wiki moja kabla ya UE winga wetu alitua vibaya, unyayo ukapindukia ndani. Nikamvua soksi, nikabonyeza ncha ya mfupa wa nje wa kifundo, kimya. Nikasogeza kidole mbele kidogo kwa chini, akaruka kama kachomwa sindano. Nikamwambia hiyo ni ligamenti, ule utepe unaounganisha mfupa na mfupa, mfupa wenyewe haujavunjika. Kaenda kupigwa picha, wamemwambia hivyohivyo.

Sasa kwenye UE, swali la nne: taja ligamenti tatu za nje ya kifundo, ueleze ipi huumia kwanza. Niliandika "ligamenti ya pembeni", mistari mingine ikabaki mitupu.

Baba mdogo anayenichangia ada anasema mpira haujawahi kumlisha mtu kwenye ukoo wetu, niache michezo nichukue Baiolojia na Kemia. Fomu ya kubadili inafungwa Ijumaa. Nisaidieni mawazo, bumu lenyewe, hela ya mkopo wa chuo, mnalijua.

Mzee wa Uyole:
Mwanafunzi wa michezo anakamatwaje na msuli? 😂 Nakaa mbele kabisa, karanga ninazo.

Fizio Nyanda za Juu:
Mdogo wangu, mpuuze huyo. Ulichofanya uwanjani kina jina, kanuni za Ottawa za kujua nani apigwe picha ya mfupa, zilitoka Kanada mwaka 1992. Ila ulifanya nusu. Unabonyeza pia ukingo wa nyuma wa mfupa, sentimita 6 za mwisho, nje na ndani, na mifupa miwili ya unyayo, kisha unamwambia apige hatua nne. Akishindwa, au mfupa ukiuma, aende picha. Ulibahatisha, shukuru Mungu.

Majibu ya swali lako: talofibula ya mbele, kalkaneofibula, talofibula ya nyuma. Ya mbele ndiyo huumia kwanza mguu ukipindukia ndani. Hebu lisome jina lenyewe: talo ni talasi, mfupa wa ndani ya kifundo, fibula ni ule mfupa mwembamba wa nje ya mguu, ligamenti inatoka mfupa huu kwenda ule. Majina ya anatomia ni anwani. Wewe unakariri kama namba za simu, ndiyo maana yanakukimbia.

Mama Kemia:
Mwanangu, nafundisha sekondari Mbeya. Sitakudanganya, mkondo wa sayansi unatafutwa mashuleni, baba yako mdogo hajakosea kote. Ila usihame kwa hasira ya alama moja. Kemia nayo ina sapu zake, tena kali.

Kwenye fiziolojia acha kukariri desa, simulia. Mfano msuli kukaza: neva inamwaga asetilikolini, kemikali ya kuuamsha msuli, kalsiamu inatoka ghalani mwake ndani ya msuli, kisha protini iitwayo myosini inashika nyingine iitwayo aktini na kuvuta. ATP, nishati ya seli, ndiyo inayoiachisha myosini. Umewahi kuona mbuzi aliyechinjwa asubuhi, mchana mguu umekakamaa kama gogo? ATP imeisha, myosini imeng'ang'ania. Nikitoa mfano huo hata anayesinzia nyuma anaamka.

Kipa Mstaafu:
Yote sawa, ila huyo winga ulimwekea barafu? Bila barafu hakuna daktari hapo.

Fizio Nyanda za Juu:
Kipa, barafu inapunguza maumivu, sikatai. Lakini daktari Gabe Mirkin aliyeeneza habari ya kupumzisha na barafu mwaka 1978, mwenyewe alirudi mwaka 2014 akasema inaweza kuchelewesha kupona.

Kipa Mstaafu:
Mimi nimedaka miaka 11 kwa barafu. Huyo Mirkin alidaka wapi?

Ndoo na Sponji:
Kamweneeee wakuu. Mrejesho. Jana usiku nimemchorea mwenzangu wa chumbani mguu mzima kwa kalamu ya buluu, fibula, talasi, zote tatu na majina. Baridi ya Iringa hii, kakaa na kaptula saa nzima analalamika. Leo asubuhi kaenda kipindi hajanawa vizuri, mhadhiri kamuuliza ile mistari ni ya nini, akayataja yote matatu. Yeye anasoma Uhasibu.

Fomu sijairudisha. Kesho nampigia baba mdogo, nitamwomba anisubiri mpaka sapu ya Septemba. Nikifeli, fomu ikifunguliwa tena nahamia Kemia bila ubishi. Ukifaulu sapu kwetu unapewa C tu, hata ukipata 90. Sawa, nipeni hiyo C.

Mzee wa Uyole:
Ndaga fijo kwa mrejesho. Huyo wa Uhasibu mchukueni timuni, ndoo moja haitoshi.